Je, Simu Yaweza Kufanya Kazi ya Kompyuta ya Mezani?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika chumba chetu cha kompyuta mashine ni chache na sisi wanafunzi ni wengi. Mara nyingi watu watatu hukalia mashine moja, mmoja akishika kipanya na wawili wakitazama. Wakati wa likizo mambo huwa magumu zaidi, kwa kuwa nyumbani kwa wengi wetu kompyuta haipo kabisa, ila simu ipo. Ndiyo maana swali moja limeulizwa sana bwenini muhula huu: je, haiwezekani kuiweka ile Windows ya chumba cha kompyuta ndani ya simu ya mama, mtu akaunganisha kibodi na kuendelea na mazoezi yake? Wengine husema haiwezekani hata kidogo. Wengine huapa kwamba wameiona kwa macho yao katika video. Pande zote mbili zina sehemu ya kweli, nami nataka kueleza ni sehemu gani, maana asiyeyajua mambo haya aweza kuiharibu simu ya mzazi wake bure. (Najua kwamba simu haziruhusiwi hapa shuleni, wala siombi ziruhusiwe. Nazungumza habari za likizo.)

Kwanza tuondoe fikira moja isiyo sawa. Watu hudhani kwamba simu ni kitu dhaifu, na kwamba udhaifu huo ndio unaoizuia. La, sivyo. Windows 95, iliyotoka mwaka 1995 na kuenea dunia nzima, ilihitaji kumbukumbu ya megabaiti 4 tu ili iweze kuwaka. Simu yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2 huhesabiwa leo kuwa simu ya bei ya chini, na hizo gigabaiti 2 ni zaidi ya mara mia tano ya zile megabaiti 4. Basi nguvu ipo. Kinachokosekana ni lugha.

Kila prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa mashine, huzaliwa na lugha yake. Haifahamu Kiswahili wala Kiingereza, wala haijui Windows ni kitu gani. Inachofahamu ni amri ndogo ndogo zilizoandikwa kwa namba: chukua hiki, jumlisha na kile, weka pale, ruka uende kule. Programu yoyote, hata iwe kubwa namna gani, mwisho wake ni mlolongo wa amri hizo, na mfumo endeshi kama Windows nao ni programu, ila ndio unaozisimamia nyingine zote.

Sasa, prosesa za kompyuta za mezani nyingi ni za ukoo mmoja. Babu yao ni Intel 8086 ya mwaka 1978. Ndugu yake, 8088, aliwekwa ndani ya kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, na tangu hapo wakafuata wajukuu, 286, 386, 486 na wengineo, kila mmoja akiendelea kuifahamu lugha ya babu yake. Kwa ajili ya zile tarakimu mbili za mwisho ukoo huu huitwa x86.

Prosesa za simu ni za ukoo mwingine uitwao ARM, nao ulianzia Cambridge, Uingereza, katika kampuni ya Acorn iliyokuwa ikitafuta prosesa ya kompyuta zake yenyewe. Sophie Wilson aliitunga lugha yake, na Steve Furber akachora umbo lake la ndani. Prosesa ya kwanza ilifika kwao tarehe 26 Aprili 1985 ikafanya kazi siku ile ile. Kipo kisa kinachosimuliwa juu ya prosesa hiyo, nami nakipenda sana. Furber alipotaka kupima umeme unaotumiwa, kipimo kilionyesha sifuri. Kumbe waya wa kuipa umeme haukuwa umeunganishwa! Prosesa ilikuwa ikifanya kazi yake yote kwa umeme mdogo uliopenya kutoka katika nyaya za kupeleka habari. Mtu akikisikia kisa hicho haulizi tena kwa nini ukoo huu ulikuja kupendwa na watengenezaji wa simu, ambao shida yao kubwa ni betri.

Tutazame mfano mmoja wa lugha hizi mbili. Tuseme twataka kujumlisha namba mbili zilizomo ndani ya prosesa. Katika x86 amri hiyo yaweza kuandikwa kwa baiti 2, nazo ni 01 na D8, kwa hesabu ya kumi na sita. Katika ARM ya biti 64 amri ya kazi ile ile ni baiti 4, na namba yake ni 0B010000. Hakuna kinachofanana. Tena katika ARM ya biti 64 amri zote zina urefu mmoja wa baiti 4, ilhali katika x86 amri moja yaweza kuwa na baiti 1, nyingine 3, nyingine hata 15, na prosesa haina budi kuisoma kwanza ndipo ijue imeishia wapi. Kwa hiyo ukiichukua Windows ya chumba chetu cha kompyuta ukainakili ndani ya simu, prosesa ya simu itaona namba tupu zisizo na maana, kama vile mimi nikipewa barua ya Kichina. Naweza kuzihesabu herufi zake, lakini kusoma siwezi.

Ikiwa mtu haijui lugha, hutafutiwa mkalimani, na katika kompyuta mkalimani huyo huitwa emuleta. Wakalimani hawa ni wa namna mbili. Wa kwanza ni kama yule wa mahakamani: shahidi akisema neno, naye hulitafsiri palepale, shahidi akilirudia neno lile lile mara elfu, mkalimani hulitafsiri mara elfu. Programu ya zamani iitwayo Bochs hufanya hivyo. Ni mwaminifu sana, lakini ni mzito. Wa pili ana daftari. Akisikia fungu la maneno, hulitafsiri lote na kuliandika, na likirudi tena hasumbuki kutafsiri, bali husoma daftari lake. Hiyo ndiyo kazi ya QEMU, programu iliyotolewa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003. Kwa kuwa programu nyingi hurudia mambo yale yale mara nyingi, daftari hilo huokoa muda mwingi sana. Zile video wanazozizungumza wenzetu, zenye Windows XP ndani ya simu, aghalabu ni za QEMU iliyovikwa sura ya simu, mathalan programu iitwayo Limbo.

Kwa nini basi, hata pamoja na daftari, Windows hutambaa kama kobe? Sababu moja ni kwamba neno moja la lugha hii si neno moja la lugha ile. Kila mara x86 inapojumlisha, huinua pia bendera 6 ndogo za kutoa habari juu ya jibu: kama ni sifuri, kama ni hasi, kama pana namba ya kubeba, na kadhalika. Bendera za namna hiyo katika ARM ni 4, tena haziinuliwi ila amri iseme hivyo. Mkalimani hawezi kupuuza tofauti hiyo, kwani huenda hatua kumi mbele programu ikauliza, "Bendera ya sita ilikuwa juu au chini?" QEMU hutumia werevu hapa: haihesabu bendera, bali huweka akiba zile namba zilizojumlishwa, na bendera huzihesabu siku itakapoulizwa tu. Mwalimu wetu wa hesabu angemwita mvivu, lakini ni mvivu mwenye akili. Hata hivyo jumla ile moja imekwisha kuzaa amri kadhaa.

Sababu ya pili ni ngumu kidogo kuifahamu, nami naomba subira ya msomaji. Prosesa ya leo ina viini kadhaa, kama makarani kadhaa katika ofisi moja, na wote huandika katika kitabu kimoja, yaani kumbukumbu ya mashine. Karani wa kwanza anaandika alama za mtihani ukurasa wa 5, kisha anaandika neno "tayari" ukurasa wa 1. Karani wa pili anatazama ukurasa wa 1. Akiona "tayari" anakwenda ukurasa wa 5 kuzichukua alama. Katika ofisi ya x86 pana ahadi kwamba yaliyoandikwa kwanza yataonekana kwanza. Katika ofisi ya ARM ahadi hiyo haipo. Ili kazi iende upesi, neno "tayari" laweza kuonekana kabla ya alama zenyewe, ila karani awe ameagizwa waziwazi angoje. Programu za x86 ziliandikwa zikiitegemea ahadi ile ya kwao. Basi mkalimani asipoangalia, karani wa pili atachukua ukurasa mtupu na programu itaanguka. Akiangalia, hana budi kutia amri nyingi za "ngoja", na kila "ngoja" ni muda unaopotea.

Kampuni ya Apple ilipohamisha kompyuta zake kutoka Intel kwenda prosesa zake za ARM mwaka 2020, jambo hili ililitengenezea dawa ndani ya prosesa zenyewe: zaweza kuwekwa katika hali ya kufuata utaratibu wa x86 wakati mkalimani wake, aitwaye Rosetta 2, anapofanya kazi. Hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya Rosetta 2 isifiwe kwa upesi wake. Microsoft kwa upande wake ilijifunza kwa hasara. Mwaka 2012 ilitoa Windows RT, iliyoandikwa kwa ARM lakini bila mkalimani wa kuendesha zile programu za x86 ambazo watu walikuwa nazo tayari. Wanunuzi waliona wamepewa nyumba wasiyoweza kuhamia na vyombo vyao. Mwezi Julai 2013 kampuni hiyo ikatangaza hasara ya dola milioni 900 kwa ajili ya mashine za Surface RT zilizokosa kununuliwa kama ilivyotarajiwa. Baadaye ilirudi na Windows 10 ya ARM iliyokuwa na mkalimani wa programu za biti 32, na katika Windows 11, mwaka 2021, wakaongezwa wa biti 64.

Huenda msomaji akasema: vema, ikiwa iko Windows iliyoandikwa kwa ARM, na simu yetu ni ARM, si tuiweke tu? Hapa ndipo wengi hukwama, na mimi naona ndipo jambo lenyewe lilipo. Lugha moja haitoshi. Lazima pia mgeni aijue nyumba.

Kompyuta za mezani zilijengwa kwa desturi moja. Ukiwasha mashine, pana programu ndogo ndani yake inayoupokea mfumo endeshi mlangoni na kuutembeza: hapa pana kumbukumbu kiasi hiki, pale pana diski. Tena vifaa vingi vyaweza kuulizwa, "Wewe ni nani?" navyo hujibu jina lao. Kwa sababu hiyo Windows ile ile yaweza kuwekwa katika kompyuta za makampuni mia tofauti nayo ikazitambua. Simu hazikujengwa hivyo. Kila kampuni hupanga vifaa vyake ipendavyo, navyo havijibu vikiulizwa. Mfumo endeshi hauna budi kupewa ramani ya simu ile hasa, iliyoandikwa kabla: kioo kiko namba fulani, spika namba fulani, betri namba fulani. Ramani ya simu hii haifai kwa simu ile. Na mara nyingi zile programu ndogo za kuvitumikisha vifaa zimo mikononi mwa watengenezaji tu, hawazitoi.

Uko ushahidi mzuri wa jambo hili. Mwaka 2015 kampuni ya Asus iliuza simu iitwayo ZenFone 2 yenye prosesa ya Intel, yaani simu iliyosema x86 kama kompyuta ya mezani. Kama lugha ndiyo ingekuwa kizuizi pekee, Windows ingeingia humo bila shida. Haikuwa hivyo, maana umbo la ndani lilikuwa la simu, si la kompyuta. La kuchekesha ni kwamba simu hiyo ilihitaji mkalimani wa kwenda upande wa pili, kwani programu nyingi za simu zilikuwa zimeandikwa kwa ARM! Intel iliachana na prosesa hizo za simu mwaka 2016. Kwa upande mwingine, wako mafundi wa kujitolea walioweza kuiwasha Windows ya ARM katika simu chache, kama Lumia 950 na OnePlus 6, lakini ni kwa kuchora ramani ya kila simu kwa mikono yao, na vifaa vingine katika simu hizo vilibaki havifanyi kazi.

Sasa nije kwa lile linalotufaa. Wako watu wanaodhani kompyuta ni Windows na Windows ni kompyuta. Lakini uko mfumo wa Linux, ulioanzwa na Linus Torvalds mwaka 1991 huko Helsinki. Aliuandika kwa prosesa ya 386, hata yeye mwenyewe hakutazamia kwamba utahamia kwingine. Walakini aliutoa wazi ili kila mtu ausome, na sehemu yake kubwa iliandikwa kwa lugha ya C, ambayo si lugha ya prosesa yoyote. Mtu huandika kwa C mara moja, kisha programu nyingine huigeuza kuwa x86 au kuwa ARM. Kugeuza huku hufanywa mara moja kabla ya kutumia, si wakati wa kutumia, kwa hiyo hakuna mkalimani anayekaa katikati akipoteza muda. Na hili wengi hawalijui: Android, ambayo simu yake ya kwanza iliuzwa mwaka 2008, moyo wake ni Linux. Basi simu ya nyumbani inao moyo wa mfumo wa kompyuta tayari, tena moyo unaoijua ramani ya simu hiyo. Kinachohitajika ni kuuongezea vyombo.

Vyombo hivyo hupatikana bila malipo. Iko programu iitwayo Termux, nayo huwekwa katika Android kama programu nyingine yoyote. Ndani yake mtu aweza kuleta Debian, ambayo ni Linux kamili ya kompyuta iliyogeuzwa tayari kwa ARM, ikiwa na LibreOffice kwa barua na majedwali, Python kwa wanaojifunza kuandika programu, na maelfu ya vitu vingine. Inakaa katika folda tu. Programu nyingine ndogo, proot, huidanganya Debian kwa wema, ikiambiwa kwamba folda ile ndiyo diski nzima. Udanganyifu huo una gharama yake kidogo, hasa kazi ikiwa ya kufungua faili nyingi, lakini amri za prosesa zenyewe hupita moja kwa moja bila kutafsiriwa. Ndiyo maana kazi yake yapita mbali ya Windows iliyo chini ya emuleta. Google nayo imeifuata njia inayokaribiana na hiyo: mwezi Machi 2025 ilianza kuzipa simu zake za Pixel programu iitwayo Terminal, yenye Debian iliyotengewa chumba chake ndani ya simu.

Mtu aliyezoea Microsoft Excel ataona sura ya LibreOffice ni ngeni kidogo. Haidhuru. Fomula =SUM(B2:B9) hujumlisha huku na huku, na anayejua kupanga jedwali katika moja hatapotea katika nyingine. Ila programu ya Windows iliyo lazima iwe ya Windows bado yataka mkalimani. Siku hizi wako wakalimani wanaotafsiri programu ile moja tu badala ya mfumo mzima, kama Box64 akisaidiana na Wine, na jambo hilo hupunguza mzigo sana, lakini si kila programu hukubali.

Wazazi watakaosoma ukurasa huu wana haki ya kuuliza kama simu yao itakuwa salama. Jibu langu ni kwamba yategemea njia. Termux ikifutwa, Debian huondoka nayo na simu hubaki kama ilivyokuwa. Hasara yake ni nafasi, kwani Debian yenye dirisha na LibreOffice hula gigabaiti kadhaa, na bando la kuileta si dogo. Afadhali kutafuta mahali penye Wi-Fi. Lakini kijana akisema anataka "kufungua" simu, yaani kuiondolea kufuli la kiwandani ili aweke mfumo mwingine mahali pa Android, mzazi na amkatalie mpaka awe na simu ya pili isiyotegemewa. Kufungua huko kwa kawaida hufuta kila kitu kilichomo, na baadhi ya programu za benki hukataa kufanya kazi katika simu iliyofunguliwa. Simu ambayo fedha za duka hupitia si mahali pa kufanyia majaribio.

Vifaa vya kuongeza ni vichache: kibodi ya kawaida ya kompyuta, na kiunganishi kidogo cha kuchomeka kibodi hiyo katika tundu la chaja. Kioo kidogo kitachosha macho kwa majedwali marefu, sitaficha. Na kabla ya kuleta Debian yafaa kuiuliza simu inasema lugha gani. Katika Termux andika uname -m kisha bonyeza Enter. Ikijibu aarch64, ni ARM ya biti 64. Ikijibu armv7l au armv8l, mfumo wake ni wa biti 32, kama zilivyo simu nyingi za bei ya chini, nayo yataka Debian iitwayo armhf, siyo ile ya arm64. Amri hiyo hiyo ikiandikwa katika kompyuta yenye Linux na prosesa kama zile za chumba chetu, jibu huwa x86_64.